Ndege ya Bei Nafuu

12 Desemba

Mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Salamu utazikuta chini, kwanza nikuseme. Miezi minne hujaandika. Mnara wa simu watu wa msituni waliuchoma tangu mwaka juzi, hilo unalijua, kwa hiyo usiniletee habari ya kupiga ukanikosa. Kalamu unayo, karatasi serikali inakupa bure, mkono haujakatika. Au umeoa mwingine huko kambini, mwenye meno yote?

Haya, salamu. Mimi mzima. Goti la kushoto linagoma nikitaka kuinuka, ila nikishainuka hakuna wa kunikamata. Bati la jikoni lilipeperuka na ule upepo wa mwezi uliopita. Nimelirudishia mwenyewe kwa misumari minne, na jirani kasimama uani ananitazama, mikono mfukoni. Nikamwambia aitoe asije akaiotesha mizizi.

Mama yako mdogo hajambo. Bado yuko ng'ambo ya mto, kwenye shamba la zamani la kampuni, yeye na mumewe na wale wenzao waliogawana ardhi kampuni ilipofunga virago. Nilimwambia wahamie kwangu, vita vikiisha watarudi. Akanijibu kwamba mimi nina vyumba viwili na mdomo wa watu sita. Huyo ndiye binti niliyebaki naye tangu mama yako atutoke. Pamba yao imeota vizuri, lakini mwaka jana viwavi walikula nusu nzima, na ile dawa ya kubeba mgongoni ni kama kutema mate kwenye moto.

Sasa lililonikalisha niandike. Dereva wa gari la posta ananiambia umehamishiwa karakana ya ndege. Mtoto niliyemfunga nepi mimi anashika ndege, na mimi nasikia kwa dereva! Ni ndege gani? Usinifiche. Mimi ndege nilizijua kabla mama yako hajawa hata wazo.

Bibi yako


3 Januari

Bibi yangu, mke wangu mwenye meno ambayo idadi yake naijua,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na kila kofi lililokuwa ndani yake. Mimi mzima, nakula, nalala. Tunakaa wanne chumba kimoja, na mmoja anakoroma kama jenereta. Mwambie mama mdogo soksi alizonifumia bado zipo, kisigino ndicho kimeondoka.

Ni kweli niko karakana ya ndege. Nilinyamaza kwa sababu tuliambiwa tunyamaze, sasa zimeshaonekana na kila mtu. Utacheka, bibi. Ni zile zile. Pua ndefu, propela moja mbele, mabawa chini, gurudumu dogo mkiani, rubani kakaa juu kama kuku anayeatamia. Zile zilizokuwa zikimwaga dawa kwenye pamba yenu! Jeshi limenunua sita. Tangi la dawa tumelitoa, pamewekwa mafuta. Chini ya kiti cha rubani tumefunga bamba nene la chuma. Chini ya mabawa tumefunga vitu ambavyo siruhusiwi kuvitaja, lakini wewe si mtoto.

Watu walitucheka mwanzoni, eti jeshi limenunua matrekta yenye mabawa. Sasa hawacheki. Zile ndege zetu za kasi zinakunywa mafuta kama zina homa, na zinapita kabla rubani hajajua kama chini ni mtu au kisiki. Hizi zinaruka chini, polepole, zinaweza kuzunguka juu ya bonde asubuhi nzima. Zinatua kwenye barabara ya vumbi. Zikiharibika nazitengeneza kwa spana zinazoingia sanduku moja. Mkubwa wetu anaziita ndege za bei nafuu. Anasema nchi isiyo na kitu inapigana kwa akili.

Nina ombi dogo. Nieleze tena mlivyokuwa mkishika alama shambani. Ulikuwa ukinisimulia nikiwa mdogo, ila nimesahau mpangilio. Nataka kuwasimulia wenzangu tu, hawaamini kwamba bibi yangu alikuwa akiongoza ndege.

Mjukuu wako


19 Januari

Mume wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikaisoma kwa sauti ili jirani asikie. Goti liko palepale. Mvua inanyesha vizuri. Mbuzi mmoja amezaa pacha, mmoja kafa.

Bei nafuu. Nafuu ya nani? Mgonjwa anapata nafuu, mnunuzi anapata nafuu, sasa yule anayeangushiwa hivyo vitu usivyovitaja anapata nini? Mwulize huyo mkubwa wako mwenye akili. Halafu hamkuona aibu kuzivua tangi? Ndege ile ilikuwa na kazi yake ya heshima.

Lakini umeniuliza kazi yangu, na kazi yangu siinyimi mtu. Andika vizuri, maana hutaisikia kwa mwingine, wengi wameshakufa.

Tulikuwa wanawake wawili kwa kila mstari, mmoja mwisho huu wa shamba, mmoja mwisho ule. Kila mtu na fito yake, juu yake kitambaa cheupe, kikubwa kama shuka ya mtoto. Tulikuwa tunaitwa alama. "Alama mpo?" anauliza msimamizi asubuhi, tunaitika, "Tupo!" Rubani haoni kinachoonekana na wewe uliye chini, kwake shamba lote ni kijani moja tu. Anachokiona ni alama. Anakuja moja kwa moja kwa mwenye kitambaa. Unamwanzishia upande ule upepo unakoelekea. Akishapita juu yako unapiga hatua ishirini kuufuata upepo unakotoka, ili dawa isikurudie usoni, unainua tena. Hatua ishirini, si kumi na tisa. Ukikosea, mstari mmoja unapata dawa mara mbili na mwingine unabaki na wadudu wake.

Na sheria kubwa ni moja: ukishainua usikimbie. Inakuja usoni kwako, chini hivi, upepo wake unakuvua nguo, tumbo linakuambia kimbia. Usikimbie. Ukikimbia mstari unapinda na msimamizi anakufukuza kazi mbele ya watu. Mimi sikuwahi kukimbia hata mara moja, miaka ishirini na mmoja. Rubani wetu tulimwita Kisigino kwa vile alivyokuwa akitua, na Kisigino alisema mistari yangu ungeweza kuipigia rula. Mama yako mdogo nilimfundisha mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne. Siku ya kwanza alilia. Ya pili alisimama kama mlingoti.

Nimempelekea habari kwa mtu wa mtumbwi kwamba ndege zetu zimerudi na mwenye spana ni mtoto wetu. Kafurahi huyo! Ameitangaza shamba zima. Habari ya vitu vya chini ya mabawa sikumpelekea, ana maneno mengi, angeniuliza mpaka kesho.

Bibi yako, alama namba moja


15 Februari

Bibi,

Shikamoo. Barua hii analeta mwenzangu anayekuja likizo, usimwache aondoke na njaa. Mimi mzima. Yule anayekoroma amehamishwa, sasa hatupati usingizi kwa ukimya.

Nina habari njema. Nimeongezwa cheo, na chanzo ni wewe. Niliwasomea wenzangu barua yako pale karakana, mkubwa akawa anapita, akasimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia niisome tena kile kipande cha kitambaa. Unajua, bibi, hizi ndege hazina vile vyombo vya gharama vya kumwonyesha rubani mahali hasa pa kupiga. Ndiyo sababu zilikuwa nafuu. Mkubwa akasema, "Kumbe jibu liko kwa bibi yako." Sasa tuna watu wetu wa siri huko chini. Mtu anachomeka fito yenye kitambaa cheupe kwenye maficho ya adui, anaondoka zake, ndege inakuja moja kwa moja kwenye kitambaa. Haigharimu kitu. Kwenye redio tunasema "alama". Neno lako, bibi, linasemwa na marubani! Imeshafanya kazi mara mbili.

Jambo jingine. Mwambie mama mdogo na mumewe waje wakae kwako mwezi mmoja, miwili. Basi tu. Msimu huu si mzuri kukaa ng'ambo. Usiniulize zaidi.

Mjukuu wako


1 Machi

Mjukuu wangu,

Rafiki yako alikula sahani mbili na amenisalimia vizuri kuliko wewe unavyonisalimia. Mimi mzima. Yule mbuzi aliyebaki anachechemea.

Nani alikupa ruhusa ya kuligawa neno langu? Mimi nilikupa kumbukumbu, wewe umeipeleka kwa mkubwa wako kama mtu anayepeleka yai. Alama alikuwa mtu, mtu mwenye jina na kibarua, anaamka saa kumi na moja kwenda kuokoa pamba. Leo ni fito ya kuitia watu mauti, na wewe unaniandikia "habari njema". Ningekuwa karibu ningekutia kofi hicho cheo kikadondoka. Usilitumie tena neno langu. Tafuteni lenu.

Na hii ya mama yako mdogo ndiyo nini? "Basi tu"! Nilivuka mto mwenyewe, na goti hili, nikamwambia mjukuu kasema mhame. Akauliza, "Kwa nini?" Nikamjibu, "Basi tu." Vitumba vimefunga, viwavi wamerudi, asubuhi wanawaokota kwa mkono wanawatia kwenye kopo la maji ya sabuni, kila familia iko shambani. Mkulima hang'oki hapo kwa "basi tu". Akanicheka. "Mama, mwambie mtoto wako alete ile ndege ya dawa, ndiyo nitahama, nitahama kwa kucheza." Nikarudi nimenuna.

Kama mnakusudia kuja upande wetu, sema. Andika sababu kwa wino na mimi nitamvuta kwa sikio mpaka hapa kwangu. Bila sababu simsogezi. Mimi siburuzi watu wazima kwa maneno nusu, sikulelewa hivyo na sikukulea hivyo.

Bibi yako


14 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nakuandikia haraka. Tangu mwezi huu barua zote zinapita ofisini kwanza, kwa hiyo ukiona imechelewa usinifikirie vibaya. Mimi mzima.

Nakuomba umhamishe mama mdogo. Hata kama pamba itaoza. Sababu ni kwamba ........................................................................................................................ kabla ya mwezi kwisha. Na mwambie asi.............................................................................. hata akisikia mlio anaoujua. Bibi, asi................................

Nisamehe habari ya neno. Mvute kwa sikio.

Mjukuu wako


21 Aprili

Mjukuu wangu,

Barua yako ya Machi imefika jana. Imepakwa wino mweusi mistari mitano. Nimeinyanyua dirishani nione kwa mwanga, wino wa serikali ni mzuri, hauonyeshi kitu.

Mimi mzima. Mume wa mama yako mdogo yuko hapa kwangu, analala chumba chako. Mama yako mdogo hayupo. Amekufa tarehe mbili Aprili, saa mbili asubuhi, wewe na wino wako mkiwa njiani.

Nitakueleza alivyonieleza mumewe, sitaongeza wala sitapunguza.

Walikuwa shambani wanaokota viwavi. Ndege ikasikika upande wa mto. Walio vijana walitaka kukimbilia kwenye mfereji. Mama yako mdogo akawapigia kelele: "Mnakimbia nini, washamba nyie! Huo mlio mimi nimekua nao. Hiyo ni ya dawa, mtoto wangu ndiye anayeitengeneza!" Akafungua kitambaa chake cha kichwani, kile cheupe, akakifunga kwenye mpini wa jembe. Akamtuma mwenzake mmoja, naye alama wa zamani, aende mwisho wa pili wa mstari. Yule mama alikwenda anacheka. Kaya nzima zikatoka kuja kutazama. Watu walikuwa wanapiga makofi, unanisikia?

Ndege ilikuja chini, ikapita juu yake bila kufanya kitu. Akapiga hatua ishirini kuufuata upepo unakotoka. Mumewe anasema alikuwa anazihesabu kwa sauti. Akainua tena. Ndege ikageuka kule mwisho, ikarudi.

Hakukimbia. Mumewe alikuwa pembeni kwenye mfereji, alimwona mpaka mwisho, mkono juu, kidevu juu. Wamekufa saba, pamoja na yule mwenzake wa mstari. Siku tatu baadaye redio ikasema maficho yamesambaratishwa. Maficho! Kopo la viwavi bado liko palepale.

Tumemzika. Sasa nina swali moja, nalo ni dogo. Ndege ile ilitoka mikononi mwako? Ndiyo au hapana. Usinipe hali ya hewa.

Bibi yako


10 Mei

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii haipiti ofisini, nimempa dereva mkononi. Sijui nianzie wapi. Tangu nipate barua yako sijala vizuri. Mama mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokufa, usifikiri nimesahau. Poleni wewe na baba mdogo. Goti lako linaendeleaje?

Bibi, ndege ziko sita na mafundi tuko tisa. Kila ndege ikitoka inasainiwa na fundi, na wiki ile nilisaini nyingi, kwa hiyo sahihi peke yake haina maana. Mimi sirushi. Mimi nakaza nati na kuangalia mafuta. Ofisini wanasema siku ile kulikuwa na alama kweli, mtu wetu alikuwa ameichomeka mwendo wa saa moja kutoka kwenye pamba, upande uleule wa mto. Rubani aliona kitambaa cheupe cha kwanza akadhani ndicho. Alipita mara moja kuhakikisha. Ni kijana mzuri, ana watoto. Alisema mwenye kitambaa hakukimbia, na raia hukimbia, kwa hiyo akaamini ni mtu wetu amekaidi kuondoka au ni adui anatuiga.

Haya mambo yanatokea vitani. Mkubwa amesikitika. Anasema wanaweza kuleta mabati ya kuezeka shule ya pale.

Na mimi niliomba mara mbili ahamishwe, bibi. Mara mbili.

Mjukuu wako


24 Mei

Wewe,

Nimekuuliza ndiyo au hapana, umenihesabia mafundi. Basi nimeelewa, ni ndiyo.

Goti langu usiliulize. Baba yako mdogo anakula kidogo. Analala na taa imewaka.

Umesema uliomba mara mbili. Kweli. Mara ya kwanza ulisema "basi tu", na siku hiyo hapakuwa na wino wa ofisi, barua aliileta rafiki yako mkononi, ungeweza kuandika lolote. Hukuandika kwa sababu ungeiandika sababu, ungejiandika na wewe mwenyewe ndani yake. Ulikuwa na cheo kipya, hukutaka kukichafua. Nimekulea, nakujua unavyouma maneno. Ulipovunja chungu changu ukiwa na miaka saba uliniambia chungu kimevunjika, kana kwamba kilijirusha.

Na mimi nina yangu, usifikiri nimejiweka pembeni. Barua yako ya Februari nilikuwa nayo mkononi, imeandikwa wazi kwamba ndege inakwenda kwenye kitambaa. Nikagombania neno. Neno! Nilivuka mto nikakaa na mwanangu nusu siku, sikumwambia ndege zile zina nini chini ya mabawa, maana nilishakaa kimya tangu Januari na niliona aibu kuanza kusema. Kiburi changu. Na ni mimi niliyemfundisha asikimbie. Huyo rubani wako mwenye watoto alimpiga kwa sababu alisimama vizuri.

Haya yote nimemwambia mumewe. Nilimkalisha kitako mchana, nikamwambia moja baada ya jingine. Hakunitukana. Aligeuza kigoda akatazama ukuta, akakaa hivyo mpaka jua likazama. Tangu siku ile ananiamkia lakini hanitazami. Ni haki yake.

Sasa ni zamu yako. Sitaki machozi yako, na hayo mabati waezekeeni kambi. Shule mnataka kuwaezekea kina nani? Nataka uje hapa, ukae mbele yake kwenye kigoda, useme kwa mdomo wako: njia ya kitambaa niliipeleka mimi, ndege niliitoa mimi, nilijua mtapigwa, sikusema. Basi. Hakuna atakayekugusa. Kule ng'ambo wanasema marehemu alikuwa akiwaashiria watu wa msituni, redio imewatia hilo kichwani, na watu wameanza kuliamini. Mumewe analisikia hilo kisimani. Wewe ndiye mtu pekee unayeweza kulifuta, kwa sababu wewe unavaa nguo za jeshi.

Usinijibu kwa barua. Njoo.

Bibi yako


16 Juni

Bibi,

Shikamoo. Natumaini baba mdogo anaanza kula. Mimi mzima wa mwili.

Nakuja. Nimepewa siku nne, kuanzia tarehe kumi na tano mwezi ujao, nitashuka na gari la posta. Haikuwa rahisi, likizo zimefungwa kwa sababu ndege nyingine nne zinaingia na mafundi hatutoshi.

Kuna jambo nakueleza mapema usije ukalisikia pengine. Fomu ya ruhusa ina mahali pa kuandika msiba ni wa nani, na chini yake chanzo cha kifo. Karani alinitazama. Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake. Niliandika ugonjwa wa ghafla. Bibi, elewa, bila hivyo wasingenipa hata nusu siku, na pengine ningewekwa ndani. Ni karatasi tu.

Kwa hiyo nikifika tuongee kwanza sisi wawili, faraghani, baba mdogo asiwepo. Tutaona namna ya kumwambia taratibu. Yale ya mbele za watu tuyaache kwanza. Nitakuja na nguo za kiraia. Na ikitokea mtu wa ofisi akapita hapo kuuliza, nakuomba na wewe useme hivyo hivyo, ugonjwa wa ghafla, ili maneno yetu yafanane.

Nina hamu sana ya kukuona.

Mjukuu wako


2 Julai

Kwa fundi wa ndege,

Hapa hatujambo. Pamba imechumwa. Baba yako mdogo alivuka mto na magunia, nikamfuata. Tulidhani tutachuma wawili, tukakuta watu wameshaanza mstari wake bila kuitwa. Wachache tu. Wengine walipita njia ya mbali ili wasitusalimie.

Mtu wa ofisi uliyemsema amekuja kweli, wiki iliyopita, na daftari na viatu vinavyong'aa. Aliuliza marehemu alikufa kwa nini. Nilimwambia. Nilimwambia na aliyemfundisha kusimama ni nani, na aliyeliuzia jeshi kitambaa ni nani, na anafanya kazi gani, na analala chumba cha watu wangapi. Baba yako mdogo alikuwa amekaa hapo, akayasikia yote, kwa hiyo uliyotaka kuja kumwambia taratibu yameshasemwa haraka. Yule bwana alifunga daftari. Nikamwambia afungue, sijamaliza.

Usije.

Zile siku nne zako ni za msiba wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa ghafla. Mimi mtu huyo simjui, sikumzaa. Kama unaye huko, mlilie hukohuko na umzike hukohuko na mkubwa wako asimame nyuma yako. Wa kwangu ameuawa na ndege, akiwa mzima, hana hata mafua.

Mama yake